Kuosha Bila Kubandua

Ukipitisha kidole kwenye ukuta wa ndani wa ndoo ya maji iliyokaa siku kadhaa bila kusuguliwa, utagusa utelezi. Utelezi huo ni makazi. Bakteria waliokuwa wakielea majini wamejibandika pale, wakatoa ute wa sukari na protini, wakajifunika nao, na sasa wanaishi ndani yake kwa mamilioni, wakipeana ishara za kemikali na kukingana na kila kinachopita juu yao. Wanasayansi huuita bayofilimu. Maabarani, wenyewe kwa wenyewe, husema utando tu. Mwaka 1683 Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek alikwangua ukoga wa meno yake, akauweka chini ya lenzi, akastaajabu kuona viumbe hai wakitembea. Ilipita karibu miaka mia tatu kabla William Costerton na wenzake hawajaandika, mwaka 1978, kwamba huko kujibandika ndiyo maisha ya kawaida ya bakteria, na kwamba wale wanaoelea peke yao, ambao sayansi ilikuwa ikiwasoma kwenye chupa tangu enzi za Pasteur, ni wasafiri tu.

Bakteria wanaoharisha watu wanautumia sana utando huu. Vibrio cholerae, wa kipindupindu, hujibandika kwenye maganda ya vijidudu vidogo vya majini jamii ya kamba na kukaa humo akisubiri. Salmonella hushika kwenye plastiki, chuma na ubao wa kukatia nyama. Iko aina ya Escherichia coli inayopangana tabaka juu ya tabaka kwenye ukuta wa utumbo wa mtoto na kumharisha kwa wiki mbili au zaidi. Na bakteria akishaingia ndani ya utando, dawa inayomuua anapoelea huweza isimfikie kabisa. Katika vipimo vingine imebidi kipimo cha dawa kipandishwe hata mara elfu moja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kila mwaka kuhara kunaua watoto zaidi ya 440,000 walio chini ya miaka 5. Kwa hiyo swali la namna ya kuuzuia utando usijengwe ni swali la uhai.

Mtu ninayemsimulia analijibu swali hilo kwa majani ya mpera. Ni mtaalamu wa maabara jijini Dar es Salaam, na wenzake wote, wakubwa kwa wadogo, humwita Dada. Nimekaa pembeni ya meza yake nikitazama mikono, kwa sababu matokeo ya kazi hii huandikwa kwa mistari miwili mitatu kwenye jarida, na mikono haiandikwi popote.

Kazi inaanzia mbali na maabara. Huko Kisarawe yuko bibi anayetibu kwa mitishamba, na Dada akifika uani kwake hupiga goti kidogo na kusema, “Shikamoo bibi.” Bibi huitikia marahaba, kisha huuliza habari za watu wote wa nyumbani kabla jani lolote halijatajwa. Anachuma majani machanga ya mpera, yale ya nchani ambayo bado yana wekundu kwa mbali, kiganja kimoja, asubuhi. Anayaosha, anayachemsha kwenye sufuria yenye kifuniko mpaka maji yawe na rangi ya chai ya rangi. Dada huandika kila kitu: umri wa jani, saa ya kuchuma, kiasi cha maji, muda wa moto, na kwamba kifuniko kilikuwepo. Nilimwuliza kifuniko kina uzito gani hapo. Akasema mafuta yanayonukia huondoka na mvuke, na bibi akifunika sufuria ameyarudisha ndani. Mpera wenyewe ni mgeni kwetu, asili yake ni nchi za joto za Amerika, lakini matumizi ya majani yake kwa tumbo yameenea toka Meksiko mpaka India na pwani yetu, na jambo linaloshikwa na watu wasiojuana linastahili kuchunguzwa.

Kabla ya kuondoka hukata tawi moja lenye maua, hulilaza kati ya kurasa za gazeti, hulibana kwa mbao mbili zilizofungwa mikanda. Tawi hilo likishakauka hubandikwa kwenye karatasi ngumu na kupewa lebo: jina la mti kwa Kiswahili na kwa Kizaramo, mahali, tarehe, aliyechuma. Mtaalamu wa mimea atalitazama na kuthibitisha kwamba ndilo Psidium guajava. Watu wengi hawaoni umuhimu wa hatua hii. Lakini iwapo miaka ishirini baadaye mtu atatilia shaka matokeo, tawi lile ndilo shahidi pekee kwamba mti uliopimwa ni ule uliotajwa.

Majani mengine huoshwa na kutandazwa kivulini, kwenye chumba chenye madirisha ya wavu, jani moja moja bila kulaliana. Jua kali lingeyakausha upesi, ila lingeharibu baadhi ya vilivyomo. Na yakirundikwa, ukungu utaingia, kisha maabara ipime dawa ya kuvu ikidhani ni dawa ya mpera. Asubuhi na jioni anayageuza. Hana kipimo cha unyevu cha bei kubwa. Huchukua jani moja, hulikunja taratibu karibu na sikio, penye mshipa mkuu wa katikati. Likipinda, bado. Likikatika kwa mlio mkavu hadi kwenye mshipa, basi limekuwa tayari kwa kinu.

Unga wa majani hugawanywa mara mbili. Nusu moja huchemshwa kwa maji, kama bibi anavyofanya, kwa muda uleule. Nusu ya pili hulowekwa kwenye ethanoli ya asilimia 70, gramu 100 za unga kwa lita moja, ndani ya chupa ya kahawia isiyopitisha mwanga, siku tatu, ikitikiswa mara kwa mara. Maji peke yake huvuta tanini na sukari. Ethanoli kali, yaani spiriti, peke yake huvuta mafuta na ukijani. Mchanganyiko huvuta vyote viwili kwa kiasi. Nimeona maabara zikiacha ile nusu ya maji kwa sababu matokeo ya spiriti hupendeza zaidi. Dada haiachi. “Mtoto hanyweshwi ethanoli,” alisema, akaendelea kuchuja.

Kuchuja hakuharakishwi. Kwanza kitambaa cha pamba, kisha karatasi ya kuchujia iliyokunjwa ikakaa sawasawa ndani ya faneli, na kimiminika hudondoka chenyewe, tone kwa tone. Akijaribu kukamua, chembe za unga zitapenya. Kilichochujwa huingia kwenye chupa ya duara inayozungushwa na mtambo juu ya maji ya nyuzi joto 40, hewa ikiwa imenyonywa ndani, ili spiriti iondoke bila jani kuungua. Chupa inazunguka, utando mwembamba wa kijani kibichi unapanda ukutani na kushuka, mvuke wa spiriti unapoa upande wa pili, unarudi kuwa kimiminika na kuanguka kwenye chombo chake. Mwishoni hubaki uji mzito, mweusi unaoelekea ukijani, unaonata kwenye kijiko. Anaukwangua wote, anaupima kwenye mizani, anaandika mavuno: gramu 100 za unga zikitoa gramu 10 za uji, ni asilimia 10. Ile ya maji hugandishwa kwa baridi kali na kukaushwa ikiwa barafu, ikawa unga mwepesi unaopeperuka ukiupumulia. Kila kichupa hupata lebo kabla ya kujazwa. Hajawahi kujaza kwanza.

Baada ya hapo ndipo bakteria wanaamshwa. Wanalala kwenye friza la nyuzi 80 chini ya sifuri, ndani ya gliseroli. Dada anavaa koti, glavu na barakoa, anakaa mbele ya kabati la usalama, na mwendo wake unabadilika: unakuwa wa polepole zaidi, viwiko vimebanwa mbavuni. Ana sababu. Shigella, wa kuhara damu, anaweza kumwangusha mtu mzima kwa idadi ndogo sana, hata bakteria kumi tu wakitosha. Anachovya kijiwaya cha duara, anachora mistari juu ya sahani ya agari, jeli ya kuoteshea bakteria, anakipasha moto kijiwaya, anachora tena kuanzia pale mistari ya kwanza ilipoishia, anapasha tena, mara nne. Kila mchoro unapunguza idadi, hata mwisho wa mstari wa nne bakteria wanaanguka mmoja mmoja, na kila mmoja kesho yake atakuwa kikundi kimoja kilichosimama peke yake. Kesho yake sahani zinapotolewa, rangi zinasema nani ni nani, kila mmoja kwenye agari inayomfaa. E. coli ametoa vikundi vya waridi. Salmonella ni vyekundu vyenye kitovu cheusi. Shigella ni vyekundu pia, ila kitovu hakuna. Vibrio cholerae amegeuza agari yake ya kijani kuwa njano kumzunguka. Dada anazitazama sahani zikiwa wazi mbele ya taa, anaziinamisha, anatafuta kikundi chenye umbo tofauti na wenzake. Akikiona, sahani nzima inaingia kwenye otokilevu, mtungi wa mvuke wa kuulia vimelea, na kazi inaanza upya, na wala halalamiki.

Kikundi kimoja huchanganywa kwenye maji ya chumvi mpaka ukungu wake ulingane na kipimo maalumu, ambacho ni takribani bakteria milioni 150 katika kila mililita. Mashine ya kupima ukungu huo ipo. Hata hivyo yeye hushika pia kadi yenye mistari myeusi, akaiweka nyuma ya neli, akatazama mistari inavyofifia. Mashine na jicho lazima zikubaliane.

Sasa inakuja sahani yenyewe: plastiki angavu, ya kushikika kwa mkono mmoja, yenye vishimo 96, safu nane kwa nguzo kumi na mbili. Vishimo vya pembezoni hajazi dawa. Huvijaza maji safi, kwa sababu huko ndiko maji hukauka haraka, na kishimo kilichokauka hudanganya. Kazi yote inafanyika katikati. Anaanza na dondoo, yaani kile kilichovutwa kutoka kwenye majani, akilipunguza nusu kwa nusu: miligramu 10 kwa mililita, 5, 2.5, 1.25, na kuendelea kushuka. Pipeti yake ina midomo minane. Anaiinamisha ncha ziguse ukuta wa kishimo, si kitako, anabonyeza, anavuta, anabonyeza, bila povu. Povu moja likikaa juu ya kishimo litapotosha mwanga siku ya kusoma.

Sahani ya kwanza ni ya kutafuta kiwango kinachowazuia bakteria kukua. Baada ya usiku mmoja huongeza rezazurini, rangi ya buluu inayogeuka waridi panapokuwa na kiumbe anayepumua. Unaona mstari wa vishimo: buluu, buluu, buluu, halafu ghafla waridi. Mpaka huo ndio anaoutaka, ili ashuke chini yake. Hapa pana busara ambayo mimi sikuitarajia. Kuua bakteria si lengo la kipimo cha utando. Ukiwaua wote, bila shaka utando hautajengwa, na hujajifunza lolote. Dada anataka kiwango ambacho bakteria wanaishi, wanakula, wanazaana, lakini wanashindwa kushika ukuta. Bakteria anayeachwa hai bila kushika hana sababu kubwa ya kujibadili ili aishinde dawa, na askari wa mwili, au hata maji tu, huweza kumchukua.

Basi sahani ya pili huandaliwa chini ya mpaka ule: nusu yake, robo yake, thumni yake. Bakteria wanaingia, kifuniko kinawekwa, sahani inawekwa ndani ya kisanduku chenye karatasi mbichi ili hewa isikauke, na kisanduku kinaingia kwenye inkubeta ya nyuzi 37 kwa saa 24. Katika saa hizo hakuna anayeruhusiwa kuitikisa. Utando hujengwa penye utulivu. Mlango wa inkubeta hufungwa kwa mkono unaoshikilia mpaka mpira ukutane na chuma, bila kishindo, na kijana wa mafunzo aliyeufunga vibaya alionyeshwa namna ya kuufunga na kurudia mara kadhaa mbele ya inkubeta tupu.

Kuosha ndiko nilikokwenda kukutazama.

Kwenye kila kishimo sasa wamo bakteria wa namna mbili: wanaoelea, na walioshika. Wa kwanza waondoke wote, wa pili wabaki wote. Dada anaigeuza sahani kifudifudi juu ya beseni lenye dawa ya kuulia vimelea, na kwa mkunjo mmoja wa kifundo cha mkono anaimwaga. Mara moja tu. Kisha anatia maji ya chumvi, mikrolita 200 kila kishimo, yakiteremka ukutani pole kama mtu anayemimina kahawa kwenye kikombe kilichojaa. Anasubiri. Anainamisha sahani kushoto, anaiinamisha kulia, anamwaga tena kwa mkunjo uleule. Anarudia mpaka zitimie safari tatu.

Ukiosha kwa woga, wanaoelea watabaki, watapakwa rangi, na dondoo zuri litaonekana bovu. Ukiosha kwa nguvu, utando utabanduka, maji yatauchukua, na dondoo bovu litasifiwa kwa kazi iliyofanywa na kifundo cha mkono wako. Mashine ya kuoshea sahani inauzwa, wako wenye nayo, nao pia hulazimika kuirekebisha nguvu yake kwa kila bakteria, maana utando wa bakteria mmoja huweza kuwa dhaifu kuliko wa mwingine. Kwa mkono hakuna kirekebishi isipokuwa mazoezi. Dada alijifunza kwa sahani zisizo na dawa yoyote. Alikuwa akijaza vishimo vyote bakteria walewale, idadi ileile, saa zilezile, kisha anaosha na kupima. Vishimo vyote vilitakiwa vitoe jibu moja. Havikutoa. Vya upande wa kulia vilikuwa hafifu, kwa sababu mkono wake ulikuwa ukimaliza mkunjo kwa kuvuta upande huo. Akaendelea kujaza, kuosha, kupima, kutupa, miezi, mpaka tofauti kati ya kishimo na kishimo ikawa ndogo kiasi cha kuaminika. Sahani zile hazikuzaa makala wala cheti. Kila mwanafunzi anayekuja kwake huanzia hapo, na wengine hukasirika.

Sahani iliyooshwa hukaushwa kifudifudi juu ya karatasi, kisha kwenye tanuri la nyuzi 60 ili utando ukazwe. Halafu hupakwa rangi ya zambarau iitwayo kristali vayoleti, dakika 15, na kusuuzwa kwenye mabeseni ya maji, beseni baada ya beseni, mpaka maji yatoke meupe. Hapo ndipo utando unaonekana kwa macho. Kwenye vishimo vya bakteria wasiopewa kitu, kitako kimejaa zambarau nzito, na kwa Vibrio cholerae kuna pete iliyokoza ukutani, mahali maji yalipokutana na hewa, maana hapo ndipo anapopenda kukaa. Vishimo vya dondoo la mpera vilikuwa na zambarau ya kufifia, iliyopungua hatua kwa hatua dondoo lilivyozidi, na pete ya kipindupindu ilikuwa imekatika vipande. Nilifurahi, nikasema kwa sauti kwamba dawa imefanya kazi. Dada hakuitikia. Alitia asidi ya asetiki ya asilimia 33, zambarau ikayeyuka ikawa maji ya rangi, akaingiza sahani kwenye kisomaji na kupima mwanga wa nanomita 590.

Kisha akaanza kulishambulia jibu lake mwenyewe.

Dondoo la mpera lina rangi: je, rangi hiyo haikuchanganyika na zambarau? Ana safu ya dondoo bila bakteria, anaitoa kwenye hesabu. DMSO, kimiminika kilichotumika kuyeyushia uji ule, huweza yenyewe kuwasumbua bakteria: ana safu ya DMSO peke yake, isiyozidi asilimia 1. Mchuzi wa kuoteshea unaweza kuwa umechafuka: ana safu ya mchuzi mtupu. Ana safu ya siprofloksasini, dawa inayojulikana, kuhakikisha bakteria wanajibu inavyotarajiwa. Kristali vayoleti hupaka wafu na wazima bila kubagua, kwa hiyo sahani pacha hupimwa kwa rezazurini, na sahani nyingine utando wake hukwanguliwa ukaoteshwa na vikundi kuhesabiwa kimoja kimoja. Na mpera una tanini nyingi. Tanini hushikamana na protini yoyote, ya bakteria na ya mchuzi pia. Huenda inazifunga nyuzi za protini ambazo E. coli na Salmonella huzitumia kushika, na hilo lingekuwa jambo jema. Huenda pia imeshika chakula chao tu. Kwa hiyo anaondoa tanini kwenye sehemu ya dondoo, anarudia kila kitu, anatazama kilichobaki.

Jambo moja zaidi, nalo ndilo lililonifanya nimheshimu kuliko yote. Wapo wanaotangaza kwamba mmea fulani unakata mazungumzo ya bakteria, kwa hiyo unavunja utando. Kwa bakteria kadhaa ni kweli: wakishaongezeka, ishara zao huwaambia wajenge. Vibrio cholerae huenda kinyume. Yeye wakishakuwa wengi, ishara huwaamuru waache kujenga na waondoke. Ukimkatia ishara unaweza kumfanya ang'ang'anie pale alipo. Dada huweka jedwali la kila bakteria peke yake, na hakubali neno “bakteria wa kuhara” liandikwe kwenye kichwa cha ripoti endapo aliyepimwa ni mmoja.

Sahani za utando uliokwisha komaa, zile ambazo dondoo huingizwa baada ya saa 24 za kujenga, zilitoa zambarau karibu sawa na za wasiopewa kitu. Mpera ulizuia ujenzi. Kubomoa nyumba iliyokwisha simama haukuweza. Aliandika yote mawili kwa ukubwa mmoja wa herufi. Jibu hilo la pili lina faida yake: linaonyesha kwamba mahali pa kufanyia kazi ni mapema, kabla ya kushika, kwenye ndoo, bomba na ubao wa jikoni, labda zaidi kuliko tumboni. Huko Bangladesh akina mama walifundishwa kuchuja maji ya mto kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa, ikanasa vijidudu vile vya majini pamoja na kipindupindu kilichojibandika juu yao, na utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha wagonjwa wamepungua karibu nusu. Waliofanikiwa pale walianza kwa kujua bakteria anakaa wapi.

Baadaye alirudi Kisarawe na matokeo, akamsomea bibi kwa Kiswahili cha kawaida, pamoja na lile lililoshindikana. Bibi aliuliza kama majani ya nchani na ya chini yamepimwa mbalimbali. Hayakuwa yamepimwa. Kipimo hicho kiko kwenye orodha sasa, na mbele ya jina la kipimo Dada ameandika nani aliyekiuliza.

Msomaji mwenye mpera uani, dondoo hili bado si dawa ya mtoto wako. Limepita kwenye plastiki; halijapita kwenye utumbo, wala kipimo chake salama hakijajulikana. Mtoto akihara, mchanganyie pakiti ya ORS kwenye lita moja ya maji safi na salama umpe kidogo kidogo mara kwa mara, endelea kumnyonyesha na kumlisha, na umpe zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 kama hajafikisha miezi 6. Akiwa na damu kwenye choo, macho yamezama, amelegea au hawezi kunywa, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Na ile ndoo ya maji, isugue ndani kwa brashi na sabuni kabla ya kuijaza tena.